Sura ya Tano: Mlima Hauna Chama

Mwaka 1960 watu wa miteremko ya Kilimanjaro walipiga kura kuondoa kiti walichokuwa wamekiweka kwa kura zao wenyewe. Mwishoni mwa 1951 walikuwa wamemchagua Thomas Marealle wa Marangu awe Mangi Mkuu wa Wachagga wote. Hadi wakati huo mlima ulikuwa na mamangi, yaani machifu, wengi, kila mmoja na nchi yake: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, Mwika, Usseri na kwingineko. Chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, kilichoongozwa na Petro Njau na Joseph Merinyo, kilizunguka vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, kikihubiri kwamba mlima unahitaji msemaji mmoja mbele ya Waingereza, wa kuzungumzia ardhi iliyochukuliwa na walowezi, shule na kahawa. Watu walikubali. Marealle, kijana aliyesoma Uingereza, akasimikwa 1952 kwa shangwe.

Kabla ya muongo kwisha, shangwe ilikuwa imegeuka manung'uniko. Kiti kilichoombewa kura kilianza kuonekana kama ufalme wa maisha. Wapinzani wa Marealle waliunda Chagga Democratic Party, wakashirikiana na TANU, wakadai kiongozi anayechaguliwa kwa muda maalumu na anayeweza kuondolewa. Kura ya 1960 iliwapa ushindi. Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, akawa rais wa Wachagga, na cheo cha Mangi Mkuu kikaishia hapo. Miaka mitatu baadaye serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchi nzima. Mlimani kazi hiyo ilikuwa imeshaanza kwa karatasi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinajibu maelezo mawili niliyoyasikia maisha yangu yote kuhusu siasa za Moshi. Moja linasema Kilimanjaro ni ngome ya upinzani kwa sababu Wachagga hufuata Wachagga wenzao. La pili linasema mkoa huo ulikuwa wa upinzani kwa muda, kisha ukatubu na kurudi nyumbani CCM. Yote mawili yanachukulia kwamba mpiga kura wa huko ni mali ya mtu, na tofauti yao ni juu ya mwenye mali tu. Historia haisemi hivyo. Mlimani chama ni mwajiriwa. Hupewa kazi, huangaliwa, na kikishindwa hufukuzwa, hata kama mwanzilishi wake ni mtoto wa nyumbani. Kinachohitaji maelezo ni hali nyingine kabisa: namna mwajiri alivyonyang'anywa uwezo wa kufukuza.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko vyama vya siasa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, Merinyo akiwa kiongozi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja na mahali pake pakawekwa KNCU, ushirika ambao baadaye ungekuwa fahari ya mkoa. Lakini sheria ilipomlazimisha kila mkulima kuuza kahawa yake kupitia ushirika huo peke yake, mwaka 1937 zilizuka ghasia, na hasira zikafika hadi kwenye majengo ya KNCU. Waliokuwa wanaandamana ndio waliokuwa wanachama. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo baba alisoma stakabadhi ya kahawa mstari kwa mstari, akahoji makato, akasimama kwenye mkutano wa chama cha msingi kumuuliza katibu pesa zimekwenda wapi, hapati shida kumuuliza diwani swali hilo hilo.

Enzi za chama kimoja zilifunika tabia hiyo bila kuiua. Kwenye ubunge mpiga kura alipewa wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na waheshimiwa wengi waliangushwa kwa njia hiyo. Kwenye urais aliambiwa aseme Ndiyo au Hapana kwa mtu mmoja. Wakati huohuo ushirika ulivunjwa 1976, ukarudishwa 1984 ukiwa umedhoofika, na mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika 1989. Bei ikaporomoka. Vijana waliotegemea kahawa iwasomeshe walishuka mjini, wengine wakapitiliza hadi Arusha na Kariakoo. Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa Julai 1992, ulikuta mlima uliojaa watu wenye elimu, wenye biashara na wenye madai.

Hapa ndipo maelezo ya ukabila yanapokwama. CHADEMA kilianzishwa na Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kama kura za mlimani zingekwenda kwa ukoo, zingekwenda kwake. Hazikwenda. Mwaka 1995 zilimiminika kwa Augustine Mrema wa Vunjo, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyetoka CCM mwaka huohuo na kugombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Nchi nzima alipata asilimia 27.8, nyuma ya Benjamin Mkapa. Uchaggani aliongoza kwa mbali na wagombea ubunge wa NCCR wakaingia naye. CCM ilikuwa imesimamisha Wachagga pia. Watu walikuwa na Wachagga wa kila rangi ya bendera, wakachagua yule waliyeamini atawakoromea wala rushwa.

Kisha NCCR ikaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Mrema akahamia TLP 1999, na mwaka 2000 kura zake za urais zikashuka hadi chini ya asilimia 8. Mlima haukumfuata wote. Moshi Mjini ilimchukua Philemon Ndesamburo wa CHADEMA, mfanyabiashara ambaye mji mzima ulimwita Ndesapesa. Hai ikamchukua Freeman Mbowe wa chama hichohicho. Tazama kilichofuata. Mwaka 2005 Mbowe alipokwenda kugombea urais, Hai ilirudi CCM. 2010 aliporudi kugombea ubunge, ikarudi kwake. Vunjo ilikuwa ya NCCR 1995, ya CCM 2005, ya TLP 2010 Mrema aliporejea bungeni, na ya NCCR tena 2015 James Mbatia alipomwondoa. Rombo ilimrudisha Basil Mramba wa CCM 2005, ikamwondoa 2010 kwa Joseph Selasini wa CHADEMA. Ngome haibadiliki namna hii. Hawa ni watu wanaohesabu.

Moshi Mjini peke yake ndiyo iliyoshikilia rangi moja kwa muda mrefu. Mwaka 2005, CHADEMA ilipopata majimbo matano tu katika nchi nzima, moja lilikuwa hilo. Mwaka 2010 chama hicho kilichukua na halmashauri ya manispaa, Jaffar Michael akawa meya, na mwaka 2015 akawa mbunge. Hata kwenye chaguzi ndogo, ambazo kwa kawaida chama tawala hushinda kwa kuwa kina magari na muda, mji huo ulikuwa mgumu. Februari 2014 kata 27 nchini zilirudia uchaguzi wa diwani. CCM ilibeba nyingi mno, na mojawapo ya chache zilizokwenda CHADEMA ilikuwa Kiboriloni, kata ya soko la mitumba pembezoni mwa Moshi, ambako mama muuza nguo hulipa ushuru kila siku ya soko na anajua kabisa kwamba mlango wa halmashauri unaanzia kwa diwani wake.

Msomaji asinielewe vibaya: mkoa wa Kilimanjaro si Uchaggani pekee. Ukishuka Himo ukaelekea kusini unaingia Upare, na huko hadithi ni nyingine. Mwanga, nyumbani kwa Cleopa Msuya aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, haikuiacha CCM. Same Magharibi nayo hivyohivyo. Mwaka 2015, umoja wa vyama vya upinzani, UKAWA, ulipochukua majimbo yote sita ya Uchaggani, yaani Hai, Siha, Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Vunjo na Rombo, Upare walibadilika Same Mashariki tu, ambako Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA alimshinda Anne Kilango. Nadhani sababu iko kwenye uhusiano wa kila upande na serikali. Mwanga ilikuwa na kiongozi wake kileleni kwa miaka mingi, na ilikuwa rahisi kwa watu wake kuamini kwamba maji, barabara na shule huja kupitia huko. Uchaggani shule nyingi zilijengwa na makanisa, mifereji ilichimbwa na koo, na biashara ilikuwa mikononi mwa watu binafsi, hivyo serikali ilionekana zaidi pale ilipokuja kukusanya au kukataza.

Na ilikuja kukataza mara nyingi. Juu ya vihamba, kabla ya kufika msitu wenyewe, kuna ukanda unaoitwa nusu maili, uliotengwa enzi za ukoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo. Msitu wa hifadhi ulipounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, ruhusa ya kuingia huko ikawa ngumu na askari wa hifadhi wakawa wakali. Ng'ombe wa mlimani hawatembei kutafuta malisho. Hufungwa zizini karibu na mgomba, na majani huletwa kichwani, mara nyingi na mwanamke. Kwa hiyo swali la nani ataruhusiwa kukata majani, siku zipi na kwa kibali cha nani, linaweza kuamua uchaguzi wa kijiji kizima. Hakuna mgombea urais anayeweza kulijibu swali hilo akiwa Dar es Salaam. Anayetakiwa kulijibu ni mwenyekiti wa kijiji.

Ndiyo maana nasisitiza uchaguzi wa serikali za mitaa, ule ambao wengi huuona mdogo. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa hana mshahara wa maana wala gari. Ana muhuri. Bila barua yake ya utambulisho hupati dhamana polisi, huombi kitambulisho cha taifa, hufungui akaunti kwa urahisi, na mkopo wa kikundi unakwama. Mipaka ya vihamba inapogombewa na ndugu wawili, yeye huitwa kwanza. Kiwanja kinapouzwa, huwa shahidi. Mwaka hadi mwaka, raia wa kawaida wa Uru au Old Moshi hukutana na serikali mara nyingi zaidi kupitia mtu huyu kuliko kupitia waziri yeyote. Kumchagua ni jambo zito, na mlimani lilichukuliwa hivyo.

Uchaguzi huu hufanyika kila miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 1994, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Husimamiwa na wizara ya TAMISEMI, si na tume ya uchaguzi. Orodha ya wapiga kura wake ni tofauti na Daftari la Kudumu. Mwenye kadi ya kupigia kura akidhani kadi inamtosha hujikuta nje, kwa sababu lazima aandikishwe upya kitongojini mwake katika siku chache zilizopangwa. Mwaka 2024 siku hizo zilikuwa kumi, Oktoba 11 hadi 20. Wasimamizi wasaidizi ni watumishi wa serikali wa ngazi hizohizo, aghalabu watendaji. Mtendaji wa kijiji au kata ndiye mwenye ofisi, mwenye fomu, na mwenye ufunguo.

Sasa tuje kwenye hesabu ya waliojitokeza, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuwasifu au kuwalaumu wananchi. Asilimia ya waliojitokeza ni kura zilizopigwa kugawanywa kwa majina yaliyoandikishwa. Ukigusa namba ya chini, ya juu inabadilika maana. Mwaka 2000 waliojitokeza kitaifa walikuwa asilimia 84 ya walioandikishwa, na 2005 asilimia 72. Mwaka 2010 wakaanguka hadi asilimia 42.8: kura milioni 8.6 kwa walioandikishwa zaidi ya milioni 20. Magazeti yalijaa maneno kuhusu wananchi waliochoka. Uchovu ulikuwepo, lakini daftari lilikuwa limebeba pia waliokufa na waliohama, majina yaliyorundikana tangu lilipoanzishwa mara ya kwanza, na wanafunzi wengi wa vyuo vikuu walikuwa hawapo walikoandikishwa. Mwaka 2015 daftari liliandikwa upya kwa mashine za alama za vidole, na waliojitokeza wakafika asilimia 67. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na hamasa ya ushindani kati ya John Magufuli na Edward Lowassa, na sehemu ilitokana na kufuta marehemu.

Kilimanjaro ina tatizo lake la ziada kwenye namba ya chini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani, na ya 2022 ikahesabu 1,861,934, ongezeko la takriban asilimia 1.3 kwa mwaka wakati taifa lilikua kwa asilimia 3.2. Wanawake wa mlimani hawajaacha kuzaa. Watoto wao wanaondoka. Desemba magari hujaza barabara ya kutoka Dar es Salaam, na Watanzania wengine husema kwa utani kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Mtu huyu ana nyumba Kirua, kaburi la baba yake liko Kirua, anachangia barabara ya Kirua, lakini ameandikishwa Kimara. Au ameandikishwa Kirua tangu zamani na siku ya kupiga kura yuko dukani Kariakoo. Uchaguzi wenyewe, ukifanyika Jumatano ya Oktoba, huwakuta nyumbani wazee, wanawake wanaotunza migomba, walimu na vijana ambao hawajapata nauli. Ukiona kituo cha kijiji kimejaa nusu tu, usikimbilie kusema watu wamelala.

Na kuna ushahidi kwamba hawakulala. Mwaka 2010, mwaka uleule wa asilimia 42.8, ndio ambao Rombo, Hai na Vunjo zilibadilika na halmashauri ya Moshi ikaenda CHADEMA. Waliojitokeza walikuwa wachache kitaifa, ila waliofika vituoni mlimani walijua wanataka nini. Idadi ya waliojitokeza ikisimama peke yake haielezi kitu. Inapaswa kuwekwa karibu na swali jingine: walipofungua karatasi ya kura, walikuta majina mangapi?

Swali hilo lilianza kuwa na jibu baya baada ya 2015. Madiwani na wabunge wa upinzani walianza kuhama wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Kila aliyehama aliacha kiti, na kila kiti kilirudishwa kwa wapiga kura ambao hawakuwa wameomba uchaguzi. Novemba 2017 kata 43 zilirudia uchaguzi, CCM ikashinda 42. Siha ilikuwa imemchagua Godwin Mollel kwa tiketi ya CHADEMA 2015. Akahama Desemba 2017, na Februari 2018 akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Wapiga kura wa Siha waliosimama kwenye foleni ya 2015 ili kumtoa mbunge wa CCM walimkuta mtu wao yuko CCM. Mbunge ana haki ya kubadili mawazo. Lakini ukimwondolea mpiga kura imani kwamba kura yake itakaa mahali alipoiweka kwa miaka mitano, umempunguzia sababu ya kupanga foleni tena, na hilo halihitaji bunduki wala wizi wa masanduku.

Wakati huohuo halmashauri zilipunguziwa mfuko. Kodi ya majengo, chanzo kikubwa cha fedha za miji kama Moshi, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais na hawajibiki kwa meya. Baraza la madiwani wa upinzani lingeweza kupitisha mpango wowote na bado likangoja fedha na saini kutoka kwingine. Mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, ilisema jambo hilo halipatani na Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Mwezi mmoja baadaye ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Wagombea wa upinzani nchi nzima walikwenda kuchukua fomu wakakuta ofisi zimefungwa. Waliofanikiwa kuzirudisha waliambiwa wamekosea: kifupi cha jina la chama, tarehe, saini. Wakaenguliwa kwa maelfu. Novemba 7 Mbowe alitangaza kwamba CHADEMA inajitoa, na vyama vingine vikafuata. Waziri wa TAMISEMI, Selemani Jafo, baadaye alitangaza kwamba walioenguliwa warudishwe, lakini imani ilikuwa imekwisha. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Sehemu nyingi mgombea alipita bila kupingwa na kituo hakikufunguliwa kabisa. Mwaka uliofuata majimbo yote tisa ya mkoa yakawa ya CCM, Hai ya Mbowe na Moshi Mjini zikiwemo, na waliojitokeza kitaifa wakawa asilimia 50.7.

Wapo wanaosema mlima ulibadilika 2020 kama ulivyobadilika 2000 na 2010. Sikubaliani nao, ingawa naamini CCM ilikuwa na wafuasi wa kweli huko na ingepata baadhi ya majimbo katika mashindano ya haki. Charles Kimei, aliyeiongoza benki ya CRDB kwa miaka mingi, alikuwa mgombea mzito Vunjo kwa kipimo chochote. Lakini mabadiliko ya zamani yalikuwa na alama moja: hayakuwa sawasawa. Hai ilikwenda huku, Vunjo kule, Rombo ikasubiri, Moshi ikang'ang'ania. Kila jimbo lilikuwa na hesabu yake, mtu wake, ugomvi wake wa barabara au maji. Mabadiliko ya 2020 yalikuja yote kwa siku moja, Uchaggani na Upare, jimbo baada ya jimbo, bila kubakiza moja lenye kichwa kigumu. Watu wenye mazoea ya kuhesabu kila mmoja kivyake hawafiki wote kwenye jibu moja usiku mmoja.

Novemba 27, 2024 CHADEMA ilirudi kwenye uchaguzi wa mitaa ikilalamika tena kuhusu kuenguliwa, safari hii pamoja na malalamiko kwamba watoto wa shule waliandikishwa. TAMISEMI ilitangaza kwamba waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 31 na kwamba zaidi ya asilimia 86 walipiga kura. CCM ikapata zaidi ya asilimia 98 ya viti katika kila ngazi. Tangazo la wizara yenyewe lina namba nyingine ambayo haikusomwa kwa sauti ileile: CCM ilikuwa na mgombea katika nafasi zote zaidi ya 80,000, na vyama vingine vyote kwa pamoja vilisimamisha wagombea ambao idadi yao haikufika asilimia 40 ya nafasi hizo. Maana yake, katika sehemu kubwa ya vitongoji vya nchi hii mpiga kura alipewa chama kimoja. Wanatuambia kwamba palipokuwa na majina mengi, mwaka 2010, watu walibaki nyumbani, na palipobaki jina moja walikimbilia kituoni. Mimi siwezi kuzisoma namba hizo kama ushahidi wa hamasa.

Oktoba 29, 2025 hesabu ikapanda tena, asilimia 87 kwa tangazo la tume. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Siku ile intaneti ilizimwa, watu waliuawa mijini kulikozuka maandamano, na serikali baadaye ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Katika miji yenye maandamano, waliotoka barabarani na waliotajwa kwamba walitoka kupiga kura walihesabiwa siku moja na watu tofauti.

Kuna jambo dogo ambalo lingeweza kufanyika bila kungoja katiba mpya, nalo ninalidai hapa kwa moyo wote. Kila matokeo ya kitongoji na mtaa yachapishwe yakiwa na safu nne: walioandikishwa, waliopiga kura, majina yaliyokuwa kwenye karatasi, na majina yaliyoenguliwa pamoja na sababu zake. Yabandikwe ofisi ya kijiji na yapatikane mtandaoni kwa ajili ya yule aliyeko Kimara. Wizara inazo takwimu hizo, kwa kuwa kila fomu ilipita mkononi mwa mtendaji. Mwananchi wa Kibosho akiziona ataweza kulinganisha kitongoji chake na cha jirani, na kujua kama mwitikio mdogo ulitokana na mvua, na msiba, na watu kuhama, au na kukosa wa kumchagua.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa, ratiba isipobadilishwa, ni wa 2029. Msichana aliyezaliwa Uru mwaka 2001 alifikisha miaka 18 mwaka 2019, uchaguzi ambao CHADEMA ilijitoa. Alikuwa na miaka 23 mwaka 2024. Atakuwa na 28 mwaka 2029, pengine ana mtoto, ana ng'ombe zizini, na anahitaji mtu wa kwenda kumsemea kuhusu majani ya nusu maili. Nyanya yake huenda alipiga kura ya kuondoa kiti cha Mangi Mkuu. Mama yake aliona Vunjo na Rombo zikibadili wabunge. Yeye mwenyewe hajawahi kumwondoa mwenyekiti wa kitongoji.